Gemu za Krismasi: masanduku 13 nimefungua, la 14 wakanifungia mlango

Jameni, kabla mtu hajaniambia "si ni gemu tu", nililipa. Dola 5, shilingi 650 hivi, na nusu yake nilifuliza, yaani niliikopa kwa M-Pesa. Kwa hivyo mniache nilie.

Gemu yenyewe siitaji, wala kampuni. Ni ya simu, ya kupigana risasi, na nusu ya mnaosoma hapa mnayo. Desemba 12, siku yenyewe ya Jamhuri, wakatuwekea sherehe ya msimu wa baridi: siku 14, kila siku unaingia, unafungua sanduku moja chini ya mti. Ukikosa siku moja tu, sanduku la mwisho hulioni. Na hilo la mwisho halifunguki bila tikiti ya msimu, ndiyo hiyo ya dola 5. Siku yao inageuka saa sita usiku kwa saa za California. Hapa kwetu hiyo ni saa tano asubuhi. Shikeni hiyo saa tano, ndiyo iliyoniua.

Siku 13 sikukosa. Nimefungua nikiwa kwenye matatu Jogoo Road nimebanwa na mama mwenye gunia la viazi. Nimefungua kanisani wakati wa matangazo, Mungu anisamehe. Nimefungua stima ikiwa imepotea mtaa mzima, mwangaza ni wa simu tu. Usiku wa tarehe 23 nikapanda basi kwenda ushago, Kakamega, nauli imeruka mara mbili kama kawaida ya Desemba, nimepakata mkoba wangu na kuku wa mtu nisiyemjua. Tarehe 24 mchana, kabla sijachukua boda ya kwenda ndani kabisa, nikafungua la 13 mjini pale. Moyo ukatulia. Limebaki moja.

Sasa niambieni, ni nani kwenye ukoo wake anashika simu tarehe 25? Kanisani tulitoka saa nane. Mbuzi alikuwa anangoja, na mimi ndiye niliyepewa miguu ya nyuma nishike. Wageni wakaja, wengine wakaja juu ya wale. Kufika jioni simu ina asilimia 4, stima hakuna tangu asubuhi, na nyumbani kwa nyanya netiwaki haingii hata ya kupiga simu. Nikaichomeka kwenye taa ya sola ya nyanya nikalala. Nilijua nina hadi saa tano kesho.

Tarehe 26 saa mbili asubuhi niko juu ya kichuguu nyuma ya migomba. Pale ndipo netiwaki ilipo, kila mtu wa boma anajua. Nikafungua gemu. Ikaniambia: apdeti mpya inahitajika, GB 1.8.

GB 1.8! Siku ya mwisho! Nani huyo aliyekaa ofisini akaamua kwamba siku ambayo mlango unafungwa ndiyo siku ya kubadilisha kitasa?

Nikanunua bando hapo hapo. Nikainua mkono juu kama mtu anayepungia ndege. Nyanya akatoka jikoni akanitazama kitambo, akasema, "Wewe mjukuu wangu, unamwita nani huko juu? Shuka, chai inapoa." Mpwa wangu wa miaka tisa akaniletea kikombe mpaka pale, akasimama chini ya kichuguu akikishika kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyekuwa akilitaka hilo sanduku, maana ndani yake kulikuwa na koti jekundu la manyoya na buti zake, na alikuwa amenitangaza kwa watoto wa jirani wote. Saa nne na nusu, asilimia 71. Saa nne na dakika hamsini na tatu, asilimia 94. Mtoto ananiuliza, "Anko, limefika?" Ikamaliza. Ikaanza kujifungua upya, ile picha ya nembo, ile muziki ya kengele. Nikaingia saa tano na dakika sita.

Mti ulikuwa umeshang'olewa. Theluji waliiacha, mti wakaubeba.

Nikawaandikia siku hiyo hiyo, na picha za masanduku yote 13 na risiti ya malipo. Jibu likaja baada ya siku mbili, la kunakili na kubandika: zawadi ni kwa wachezaji walioshiriki siku zote 14, asante kwa kuelewa, endelea kujikinga na baridi. Baridi! Nilikuwa nimevaa fulana na malapa.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, wala si koti. Hizi sherehe zinapangwa na mtu anayemwona mchezaji mmoja tu: aliyefungiwa ndani na theluji, intaneti iko ukutani, nje hapitiki, kuanzia tarehe 12 hadi 25 hana pa kwenda ila kwenye kochi. Kwa huyo, kuingia kila siku ni burudani. Sisi Desemba ni mwezi wa barabara. Nairobi inamwagika yote, kila mtu anarudi kwao, na huko kwao ndiko netiwaki inakopatikana juu ya kichuguu. Mwezi ambao wanatutaka tuketi ndio mwezi pekee ambao hatuketi. Kisha wanaita zawadi. Zawadi gani inakuwekea saa ya kuripoti kama askari?

Halafu hiyo theluji yenyewe. Mwenye simu ya bei ya kawaida anajua: kila chembe inayoanguka kwenye skrini ni kazi kwa simu. Ile Desemba yote simu yangu ilikuwa inachemka hadi naiweka kwenye sakafu ya simiti ipoe, picha zinakwamakwama, adui amevaa nyeupe anasimama mbele ya ukuta mweupe, mimi nakufa bila kumwona. Ni theluji ya pekee duniani inayounguza. Nimetafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuizima. Hakuna.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na Krismasi ndani ya gemu. Ziko zilizofanywa vizuri mno. Mwaka 1996 Sega walitoa Christmas NiGHTS ya Saturn, mashine yao ya gemu ya enzi hizo, diski ndogo tu, na ilikuwa inasoma saa ya mashine yenyewe: ukiwasha Desemba, mji unavaa Krismasi. Diski ni yako, saa ni yako. Batman: Arkham Origins ya 2013 yote inatokea usiku wa mkesha wa Krismasi, wauaji wanane wanamsaka Batman kwa dola milioni 50, theluji inaanguka Gotham na inakaa vizuri kwa sababu ni Gotham, kuna baridi, kuna upweke. Uicheze Aprili, uicheze Agosti, mkesha wako unakungoja. Hakuna anayekuja na karatasi kukuambia umechelewa.

Spider-Man: Miles Morales nayo, ya 2020. Ni Harlem, theluji ipo, lakini kinachobaki kichwani ni mama yake Miles ameandaa chakula, nyumba ndogo, rafiki wa zamani ameingia bila kutarajiwa, na kijana anamficha mama mezani kwamba yeye ndiye Spider-Man. Hiyo hata mtaani Umoja, hapa Nairobi, inaeleweka. Ondoa theluji, weka pilau, hakuna kinachovunjika.

(Na The Division ya 2016, ile ya Manhattan iliyohamwa taa za Krismasi zikiwa bado zinawaka mitaani: ugonjwa ulisambaa kwa noti za pesa siku ya Black Friday. Kila nikiicheza najiambia sisi tungesalimika, nani bado anashika noti? Labda makanga tu ndio wangeondoka.)

Mnaona tofauti? Hizo Krismasi ni hadithi, na hadithi haina saa ya kufunga. Hizi za sasa ni kalenda ya dukani iliyopakwa unga mweupe. Na hata hawajali mahali. GTA Online kila Desemba wanamwaga theluji Los Santos, mji wa gemu hiyo, na Los Santos imeigwa kutoka Los Angeles, mji ambao watu wake wenyewe wanapanda milima kwenda kuitafuta theluji. Kwa hivyo msiniambie ni uhalisia.

Afadhali Animal Crossing: New Horizons, angalau walijua dunia ni duara. Unapoanza wanakuuliza kisiwa chako kiko kaskazini au kusini. Dada yangu anayo, na sisi Nairobi tuko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kitu, akachagua kusini kwa uaminifu. Basi Desemba yake ni jua na nyasi za kijani, theluji inamwangukia Juni hadi Agosti. Tulicheka, lakini mkifikiri vizuri, Julai ya Nairobi, ile ya ukungu na sweta mbili, ni kweli zaidi kuliko yale mafuriko ya theluji ya Desemba. Wa Nanyuki sijui angejibu nini, mstari wenyewe unapita kwao, na theluji wanaiona kwa macho juu ya Mlima Kenya wakiwa wamevaa kaptura.

Pale kwa PS karibu na kwangu, kibanda cha kulipia kucheza PlayStation, shule zikifungwa ni watoto hadi mlangoni. Siku moja mwenye duka aliweka ya Spider-Man, watoto sita kwenye benchi la watu watatu, feni imegeuzwa upande wao. Mmoja amelamba barafu ya shilingi kumi, mdomo umekuwa mwekundu. Akatazama skrini weee, watu wamejifunga skafu, pumzi inatoka moshi. Akauliza, "Mbona hawa wote wanavuta sigara?" Mwenye duka akamwambia ni baridi. Mtoto akasema, "Na wanaenda Krismasi hivyo?" Kwake Krismasi ni nguo mpya zinazowasha shingoni na jua la kukausha mahindi.

Na usiniambie yetu haichezeki. Nairobi X ilitengenezwa hapa hapa 2015, wageni kutoka anga wanavamia mji na unawapiga risasi. Ma3 Racer ilikuwa mbio za matatu kwenye simu. Kwa hivyo mikono ipo. Nipe gemu inayoanza Country Bus, stendi ya mabasi ya kwenda mashambani, tarehe 23 saa mbili usiku: una shilingi elfu moja mia tano, nauli inapanda kila dakika kwenye kona ya skrini, una masanduku mawili na keki ya shangazi isiyotakiwa kuinama, makanga watatu wanakuvuta kila mmoja upande wake na mmoja wao si makanga. Hatua ya pili ni kusukuma chapati hamsini kabla stima haijapotea. Ya tatu ni mbuzi amekata kamba. Mbuzi ndiye bosi wa mwisho, na aliyewahi kumkimbiza mbuzi kwenye shamba la miwa anajua huyo hashindwi kwa jaribio la kwanza.

Ninachotaka kwa hawa watu ni kidogo. Wasitupie apdeti ndani ya siku mbili za mwisho. Wakubali mtu akose hata siku tatu, wamalizie kumpa. Na tikiti ya kulipia isifungiwe na mahudhurio, maana nikishanunua mkate huniambii nije kuula kwako kila asubuhi ndipo unipe kipande cha mwisho. Kama kuna mwingine aliyekwama tarehe 26, aandike hapa saa aliyoingia na ukubwa wa apdeti aliyoletewa. Nataka tuwatumie pamoja.

NYONGEZA, Januari 2: Aliyeandika kwamba ningerudisha tarehe ya simu nyuma, kaka, nilijaribu hata kabla sijashuka kichuguuni. Ule ujanja ulikuwa wa Saturn. Hizi saa ziko kwa seva yao, ukigusa ya simu gemu inakutoa nje tu. Na wewe uliyesema "ungebaki Nairobi", mwambie nyanya yangu hivyo wewe mwenyewe, namba yake nitakupa.

NYONGEZA, Januari 5: Wamejibu barua yangu ya tatu. Koti hawarudishi, lakini "kama ishara ya shukrani" wameniwekea zawadi kwenye akaunti. Nimefungua mbele ya mpwa, amerudi Nairobi na mama yake. Ni jozi ya glavu. Inabidi uingie siku saba mfululizo ili upate ya mkono wa kushoto.