Msaada: sanskrini (losheni ya kukinga jua) inanimalizia suti ya kayaki, nifanyeje?

KasiaMoja: Wakuu heshima kwenu. Hizi sanskrini zinanimalizia vifaa. Suti ya kuzuia maji, ile mipira ya shingoni na mikononi imeanza kunata, ukiiminya alama ya kidole inabaki, jaketi la kuokolea lina madoa kama kutu, na sasa kioo cha plastiki cha saa kimeingia ukungu. Nipake nini mipira irudi? Au niache tu sanskrini?

MamaNahodha: Mpira utanunua mwingine mdogo wangu, ngozi je? Paka.

Mtumbwi_Mbovu: Hayo madoa nayajua, avobenzoni, ile kemikali ya kuzuia jua ya kwenye sanskrini, ikikutana na chuma kwenye maji ndo hivyo. Mimi nililoweka fulana yangu nyeupe kwenye klorini nikijua nafua, lo, doa likakolea mpaka watu wakaniuliza nimefanyia wapi batiki.

FundiViraka: Hiyo mipira ni lateksi, haipatani na mafuta, ikishanata ndo basi, badilisha. Ila mleta mada, hiyo saa inanitia shaka. Unapaka nini kingine?

KasiaMoja: Saa ni ya zamani mkuu, tuiache.

FundiViraka: Hujajibu.

KasiaMoja: Haya, juu ya sanskrini huwa napuliza dawa ya mbu, jioni tukifika ufukweni wanatutafuna. Imeandikwa DEET lakini ni ya ngozi, sio ya vifaa, sioni inahusikaje. Na sanskrini nishaacha, navaa kofia pana inatosha.

FundiViraka: Inahusika sana! DEET inayeyusha plastiki, miwani, saa, hata spandeksi, kile kitambaa cha kuvutika. Tafuta dawa ya mbu yenye pikaridini badala ya DEET, hiyo haili plastiki. Na kofia haizuii mwanga unaorudi kutoka majini, utaungua kidevu. Paka uso dakika 15 kabla, iache ikauke, nawa mikono kwa sabuni NDIPO uvute suti, na pale mpira unapokaa usipake kitu. Ukirudi suuza kwa maji baridi na sabuni laini, anika kivulini.

Mzee_wa_Chai: Chai hii jamani 😂 suti ya maji baridi, jua kali, na mbu juu? Huyu anauza dawa ya mbu, subirini namba ya simu.

KasiaMoja: Maji ya barafu inayoyeyuka yanakuwa baridi hata jua likiwaka! Niuze dawa niliyosema imeharibu saa yangu?

Mzee_wa_Chai: Weka picha ya saa.

MamaNahodha: Mwacheni kijana. Ila kweli, picha.

KasiaMoja: Saa nimempa mtu. Fundi, nimekusoma. Sasa hiyo pikaridini nikiipuliza kwenye mipira yenyewe si ndo itakuwa kinga?

FundiViraka: Mods, fungeni uzi.