Kikundi cha ukoo: misalaba ya moto

Shangazi: Nani kamwonyesha Baraka video ya yule mwanamke wa Kizungu anayecheza mbele ya misalaba inayowaka? Nimemkuta saa nne usiku, kajifunika shuka gubigubi, simu inamulika humo ndani.

Neema: Shikamoo shangazi 🙈 Ni mimi. Ni Madonna, wimbo wa "Like a Prayer", ya 1989.

Shangazi: Marahaba. Na shikamoo haikuokoi.

Idi: 😂😂

Neema: Uliitazama mpaka mwisho lakini? Kijana mweusi anakwenda kumsaidia mwanamke aliyevamiwa, polisi wanamkamata yeye. Madonna ndiye shahidi. Na ile misalaba ya moto ni ya Ku Klux Klan, lile kundi la wabaguzi wa rangi, ndiyo waliyokuwa wakiwatishia nayo watu weusi Marekani.

Shangazi: Mwisho sikufika. Niliishia pale anapombusu mtakatifu.

Idi: Nadhani hata Vatikani walioilaani waliishia hapohapo

Mjomba: Mimi naangalia pesa. Pepsi walimpa mkataba wa dola milioni 5, tangazo likatoka na wimbo huohuo. Kesho yake video ikatoka. Makelele! Tangazo likaondolewa, pesa akabaki nazo, wimbo ukapanda hadi namba moja Marekani. Haya, hapo nani aliumia?

Idi: Pepsi

Mjomba: Pepsi wapo hadi leo, Idi.

Neema: Kwani akilipwa ndiyo ujumbe unakuwa uongo?

Mjomba: Sijasema hivyo. Nasema alikuwa na pa kuangukia. Mweke kando ya Sinéad O'Connor, yule mwimbaji wa Ireland. 3 Oktoba 1992, runinga ya Marekani, mubashara. Anamaliza kuimba, anachana picha ya Papa Yohane Paulo II mbele ya kamera. Kwa sababu ya watoto waliokuwa wakidhulumiwa ndani ya Kanisa. Kitendo hicho hakikuwa tangazo la kitu chochote. Wiki mbili hazijaisha yuko jukwaani New York, anazomewa mpaka wimbo aliouandaa hakuuimba. Baadaye dunia ikaja kujua alikuwa anasema kweli. Nani alimrudishia ile miaka?

Neema: Na yeye alikuwa nyota mjomba, 1990 alishika namba moja.

Mjomba: Ndiyo maana nasema. Unyota peke yake haumkingi mtu. Kinachomkinga ni wale wanaokula kupitia kwake.

Shangazi: Ila picha ya Papa jamani. Mimi ningelia.

Neema: Picha yenyewe ilikuwa ya mama yake, shangazi. Aliitoa kwenye ukuta wa chumba cha mama yake alipofariki. Kaeleza mwenyewe kwenye kitabu chake. Na huyo mama alimtesa sana utotoni.

Shangazi: Ya mama yake?

Shangazi: Hilo sikulijua.

Baba Mkubwa: [picha: ua jekundu, "Usiku mwema wapendwa"]

Idi: Usiku mwema baba mkubwa 🙏🏾 Na vile viatu vya Lil Nas X, yule rapa wa Marekani, je? 2021. Pea 666, ndani ya soli tone la damu ya mtu, bei dola 1,018.

Shangazi: Mbona bei ya ajabu hivyo?

Idi: Luka 10:18

Shangazi: "Nilimwona Shetani, kama umeme, akianguka kutoka mbinguni." Siku hizi Biblia inapangia raba bei!

Idi: Na ziliisha chini ya dakika moja 😅 Raba zilikuwa za Nike, zimegeuzwa bila ruhusa. Nike wakawashtaki waliozigeuza.

Mjomba: Na msanii mwenyewe?

Idi: Hakushtakiwa

Mjomba: Enhe.

Neema: Lakini yule kakua akisikia kwamba mashoga wataenda motoni. Kwenye video ya wimbo wake akaamua kuteremka huko motoni mwenyewe, tena kwa madaha. Ile ni hasira yake, si biashara tupu.

Mjomba: Hasira ni yake, sawa. Damu kwenye raba je?

Neema: Hapo kwenye raba sina la kumtetea 😬

Shangazi: Neema, ile ya Madonna nitumie niimalizie. Nitumie mimi, usiiweke humu.