Mrejesho: Tairi za misimu yote, SUV ya kifahari, saizi 275/45 R20

Wakuu, asanteni. Niliuliza tairi za kutumia mwaka mzima, mvua hadi theluji nyepesi. Nimefuata ushauri kwamba alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi: nimechukua zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji, 110V XL (110 ni kiwango cha mzigo, V cha kasi, XL ni tairi iliyoimarishwa), yaani kila moja hubeba hadi kilo 1,060. Nimebadili zote nne, maana gari huvuta magurudumu yote na tofauti ya kipenyo huumiza mfumo wa kugawa nguvu.

Kwenye maji na theluji zinashika vizuri. Kwenye barafu tupu bado zinateleza. Hapo ni tairi za theluji tu. Mngurumo umeongezeka kidogo. Mtetemo kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa haukuondoka kwa alainimenti (kunyoosha pembe za magurudumu), uliisha baada ya kurudia balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu).