Nataka kugombea ukaunsila wa divisheni hapa Arua, nianze na lipi?

kijana_wa_oli
Habari zenu wakubwa na wadogo. Niko Arua, Uganda, kwenye Arua Central Division, moja ya sehemu za city yetu, nimezaliwa hapa hapa mtaa wa Oli, na wazee wa mtaa wameniambia nigombee ukaunsila wa divisheni. Nimekubali. Sasa nimeanza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanataka nini na daftari imejaa, mmoja anasema mtaro umeziba mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, mwingine taka zinakaa hadi zinanuka, taa za barabarani, vijana hawana kazi, zahanati haina dawa, barabara itiwe lami, mtoto alipiwe school fees. Sitaki kuahidi vitu vyote halafu nionekane mwongo baada ya mwaka. Kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye kaunsili au anayejua inavyofanya kazi, kaunsila wa divisheni anaweza kweli kufanya nini, na nyie kama wapiga kura mngependa nianze na kipi? Naomba majibu ya ukweli.

mzee_wa_kamati
Mwanangu umeuliza vizuri. Nilikaa kaunsili ya divisheni muhula mmoja, si Arua, lakini sheria ni ile ile ya serikali za mitaa ya 1997.

Kitu cha kwanza ujue, kaunsila hashiki pesa. Anayeweka sahihi ni karani wa mji, yeye ndiye anajibu kwa hesabu. Kazi yako ni kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo ndogo za mtaa na kufuata kama kazi imefanyika. Ukisema kwenye kampeni "nitajenga barabara" umeshadanganya hata kama moyo wako ni safi.

Cha pili ni pesa yenyewe inatoka wapi. Nyingi sana inatoka serikali kuu na inakuja na jina lake tayari, hii ya shule, hii ya afya, hii ya barabara, hauwezi kuihamisha. Dawa za zahanati zinatoka stoo ya taifa, pale unaweza kupiga kelele tu na kuhakikisha haziibiwi zikifika. Pesa ambayo nyie makaunsila mnaamua kweli ni ile ya kukusanya hapo hapo, leseni za biashara, ushuru wa soko, kodi ya majengo, kodi ya hoteli, ile local service tax, yaani kodi ya huduma za mtaa. Divisheni ya city inabaki na asilimia 50 ya inachokusanya, nusu nyingine inapanda kwa kaunsili ya city. Kwa hiyo mtaro wako, taka zako, taa yako, vyote vinalala kwenye hiyo nusu. Hiyo nusu ikivuja hakuna kitu.

Mimi ningeanza na hapo. Uliza divisheni ina maduka mangapi, yanayolipa leseni ni mangapi, nyumba za kupangisha ni ngapi kwenye rejista. Halafu angalia alawansi za makaunsila, sheria inasema zisizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliopita. Mapato yakipanda kila mtu anapata, yakishuka hata nyie mnakaa bila alawansi, ndiyo maana utaona mahali pengine kaunsili haikai ingawa inatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi miwili.

mama_nyanya
Mzee amesema vizuri lakini naomba na mimi niongee kama mtu anayelipa huo ushuru. Nauza nyanya na dodo karibu na soko kuu. Kila asubuhi mtu wa ushuru anapita, mvua au jua. Nalipa. Lakini kwenda choo nalipa tena, maji ya kuosha nyanya nanunua jerikeni, jioni giza tunafunga mapema tunaogopa vibaka wakati watu wa kazini ndio wanaanza kununua. Sasa mkija kusema mapato yapande, yapande kutoka wapi, kwangu tena?

Kaka ukitaka kura yangu usiniletee sabuni na chumvi. Niambie soko letu mwezi huu limekusanya shilingi ngapi na zimefanya nini, ibandikwe kwenye ubao pale getini kila mtu asome. Na risiti, kila mtu apewe risiti, maana kuna siku anakuja mtu na kitabu siku nyingine anakuja mwingine hana kitabu na wote tunawapa kwa sababu hatutaki bidhaa zimwagwe. Nikiona taa mbili na choo safi mimi mwenyewe nitawaambia wenzangu tulipe bila kugombana.

ayivu_juu
Mama nyanya, nakuunga mkono mia kwa mia.

Nyie wa Central mna bahati mnaongelea taa. Sisi huku Ayivu, divisheni nyingine ya Arua, tulikuwa vijiji, tarehe 1 Julai 2020 tukaamka tunaitwa city. Watu wana mihogo na mbuzi. Kila kampeni wanakuja kututisha eti city itatoza kodi nyumba zetu, na hiyo si kweli, nyumba unayoishi mwenyewe haitozwi kodi ya majengo tangu sheria ilipobadilishwa 2006, inatozwa ya kupangisha na ya biashara. Mgombea yeyote aanze kueleza watu hivyo vitu. Pia hii PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (eneo dogo chini ya divisheni), shilingi milioni 100 kwa kila parishi, kila mgombea anajifanya ni yeye ataileta. Pesa ile inaenda kwenye sako ya parishi, yaani chama cha akiba na mikopo, kaunsila haigawi.

boda_wa_ediofe
mi nasema ukweli mmoja tu, kijana usipoenda mazishi hautashinda. unaweza kuwa na bajeti kichwani yote lakini watu watauliza "alikuja kwetu tulipofiwa?" mimi mwenyewe nitauliza. nenda kaa na watu, beba benchi, chimba kaburi na wenzako, si lazima utoe bahasha

mzee_wa_kamati
Boda umesema kweli na sibishi. Kwenda mazishi ni utu, hata bila kura. Tatizo ni bahasha. Kaunsila anayetoa bahasha kila wiki atakopa, na akishakopa kontrakta ndiye atamlipia deni, halafu mtaro ukijengwa kwa mchanga mtupu hatakuwa na mdomo wa kuuliza. Nimeona hivyo kwa macho yangu.

nakawa_mkaaji
Mimi niko Kampala lakini nyumbani ni Arua. Tafadhali usichukulie taka kama jambo dogo. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi, karibu na Kampala hapa, uliporomoka, wakafa watu zaidi ya 30, na watu walikuwa wanajua miaka mingi kwamba pale pamejaa. Miji ya huko mbali na Kampala bado ni midogo, mnaweza kuanza sasa kutenganisha. Taka za soko karibu zote ni majani na matunda yaliyooza, hiyo ni mbolea, watu wa Ayivu wanaihitaji mashambani. Kaveera, hii mifuko ya plastiki, ndio zinaziba mtaro na kuishia mto Enyau, na maji ya bomba ya Arua yanatoka Enyau hiyo hiyo. Ukizungumza hivyo watu wataelewa kwamba taka, mafuriko na maji ya kunywa ni jambo moja, hauhitaji ahadi tatu.

kijana_wa_oli
Asanteni sana, hasa mama nyanya na mzee. Nimeamua kupunguza. Nitasema mambo mawili, mapato ya soko na leseni yabandikwe ukutani kila mwezi, na taka pamoja na mtaro viwe kazi moja. Na kila mwezi siku moja nitakaa chini ya mwembe watu waniulize chochote. Mazishi nitaenda, bahasha hapana. Mzee swali la mwisho, nikishinda mtaro naweza kuuweka kwenye bajeti mara moja?

mzee_wa_kamati
Hapana, na hii uwaambie mapema. Makaunsila wapya mnaapishwa Mei, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, bajeti utaikuta imeshapikwa na waliotangulia. Yako ya kwanza kweli ni ya mwaka unaofuata, na mipango yake inaanza kwenye mkutano wa bajeti, kawaida Oktoba au Novemba, kwa hiyo hapo ndipo uende na watu wako wa Oli na picha za mtaro. Miezi ya mwanzo fanya kazi ambayo haihitaji bajeti. Hiyo siku ya kukaa na watu iko kwenye sheria, ni wajibu wa kila kaunsila, kwa hiyo hakuna wa kukuzuia. Na ubao wa mama nyanya ni karatasi na gundi tu. Karani akikataa kutoa hesabu, andika barua kwa sheria ya kupata habari ya 2005, anatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Hata kabla ya kushinda unaweza kuiandika, maana ni haki ya kila raia.

mama_nyanya
Basi andika wiki hii. Ukiipeleka nipitie, na mimi nitaweka sahihi, na wenzangu wa line yetu pia.