Nakwenda Sikonge kuwaona ndugu zangu baada ya moto kichaa: nifike lini, na nibebe nini?

Mjukuu wa Sikonge

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wanaoyafahamu maisha ya vijijini mkoani Tabora, hasa wale ambao familia zao zimewahi kupitiwa na moto.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa moto kichaa ulianzia upande wa msitu, ukasukumwa na upepo wa mchana hadi ukaingia katika kitongoji wanachoishi bibi mzaa mama na wajomba zangu, wilayani Sikonge. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyefariki. Hata hivyo, nyumba tatu za familia yetu, ambazo zilikuwa zimeezekwa kwa nyasi, zimeteketea. Vihenge viwili vya mahindi vimeungua pamoja na mbegu iliyokuwa imetengwa. Bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, limebaki kuta tupu. Na mizinga ya nyuki ya mjomba mkubwa, ambayo ilizidi 50, imeungulia juu ya miti. Mjomba mdogo aliungua mkono wa kulia, kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko, alipokuwa akiwafungulia mbuzi.

Mimi naishi Dar es Salaam na nimepata likizo ya siku 10 kuanzia katikati ya mwezi huu wa kumi. Mume wangu ananishauri nisubiri hadi mwezi wa kumi na mbili, kwa kuwa wenyeji wangu hawana hata pa kulala, na mgeni anayefika wakati kama huu huongeza mzigo. Mama, kwa upande wake, anaona kwamba mtoto wa nyumbani akikaa miezi miwili bila kuonyesha uso baada ya janga kama hili, hata akija baadaye na lori zima la vitu, atakuwa amechelewa. Hoja zote mbili naziona zina uzito.

Linaloniumiza zaidi ni habari ya bibi. Tumempigia simu mara nyingi tukimwomba aje kwetu apumzike, naye hujibu kwa upole kwamba hawezi kuliacha kaburi la babu katikati ya majivu. Je, nikifika niendelee kumsihi, au nimwache? Na nibebe nini ambacho kitawafaa kweli?

Mrina Asali, Kaliua

Pole sana, dada yangu, na uwafikishie pole zetu wajomba na bibi. Nenda sasa, usisubiri mwezi wa kumi na mbili, na sababu yangu kubwa ni mvua. Huku kwetu mvua huanza kushika mwezi wa kumi na moja. Wengi walio mbali hawafahamu kwamba nyasi za kuezekea hukatwa wakati wa kiangazi, kwa hiyo moto uliounguza nyumba umeunguza pia nyasi ambazo zingeziezeka upya, na hakutakuwa na nyasi nyingine za kufaa hadi kiangazi kijacho. Ukifika mwezi wa kumi na mbili utamkuta bibi amekaa chini ya mti huku mvua inanyesha. Kama una fedha ya jambo moja tu, nunua bati au maturubai mazito, tena ununulie Tabora mjini, kwa sababu kuyasafirisha kutoka Dar es Salaam ni kulipa nauli ya vitu vinavyopatikana kilomita 70 hivi kutoka Sikonge. Ikiwa ipo nyumba ya bati iliyoungua, usikubali mabati yale yarudishwe juu, kwani moto umekwisha kuyaondolea madini yanayozuia kutu na hayatamaliza misimu mingi.

Jambo la pili ni mbegu. Umesema mbegu iliungua ndani ya kihenge. Watu wengi huleta unga na nguo, na hilo ni jema, lakini familia isipopanda mahindi mvua za kwanza zikishika, njaa ya mwaka ujao itawakuta hata kama mlipeleka magunia ya unga leo. Waulize kwanza wanapendelea mbegu gani, maana kila udongo una mahindi yake. Angalia na majembe pia. Jembe lililopita motoni huonekana zima kabisa, lakini chuma chake kimelainika, nalo hupinda likigusa kisiki. Lipelekwe kwa mhunzi alikomaze tena, au linunuliwe jipya.

Kuhusu mizinga ya mjomba mkubwa naomba nizungumze kwa urefu kidogo, kwa kuwa mwaka mmoja nilipoteza mizinga yangu 30 kwa moto wa namna hiyohiyo na najua anavyojisikia. Mtu asiyerina asali huona ni magogo yameungua. Kumbe kila mzinga una mti wake, kila mti una njia yake, na mwenye mizinga anaikumbuka yote kwa mpangilio kama shekhe anavyoikumbuka juzuu. Usimwambie kwamba ataianza upya. Mwombe akupeleke porini akuonyeshe ilipokuwa, nawe umfuate na kumsikiliza, hata kama itachukua siku nzima. Mwende asubuhi na mwangalie juu, kwa sababu mti ulioungua shina huweza kuanguka bila upepo wowote, na msikanyage majivu yaliyodidimia, kwani chini yake mizizi ya visiki huendelea kuwaka kwa siku nyingi na mtu hutumbukia akaungua mguu.

Msitu wenyewe usimtie hofu. Miyombo na mitundu huchipua tena kutoka mizizini, na nyuki hurudi maua yakirudi. Shida ni kwamba mjomba akitaka kurudisha mizinga ya magome atalazimika kubambua miti hai katika msitu ambao umetoka kujeruhiwa, na mti uliobambuliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Kama ndugu mlio mjini mnaweza kuchangishana, mtengenezeeni mizinga michache ya masanduku, hata 5, apate pa kuanzia. Muulizeni kwanza. Wapo wazee wasioitaka, na hiyo ni haki yao.

Muuguzi wa Zahanati

Nitasema kuhusu mkono tu, ingawa nami nawapa pole nyote. Jeraha la moto linalopita kwenye kiwiko lisiposimamiwa vizuri, ngozi mpya huvuta na mkono ukabaki umekunjwa, hata jeraha lenyewe likionekana limepona. Hakikisha mjomba anahudhuria kliniki, anafundishwa namna ya kuunyoosha mkono kila siku, na ameulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda. Lisipakwe majivu, dawa ya meno wala mafuta. Hata asali ya nyumbani, ambayo wazee wetu wanaiamini sana na mimi naiheshimu, isipakwe bila kumwuliza mhudumu.

Muulize bibi kwa faragha kama dawa zake za kila siku, mathalani za shinikizo la damu, ziliungua pamoja na nyumba. Wazee huona aibu kulitaja hilo wakati wengine wamepoteza makubwa zaidi, wakakaa wiki kadhaa bila dozi. Wanaoendelea kukohoa wapelekwe kupimwa. Mvua za kwanza zitakaposomba majivu kuyapeleka kwenye visima vya wazi na madimbwi, wayaache maji hayo kwa siku za mwanzo kadiri itakavyowezekana, na yale ya kunywa wayachuje na kuyachemsha.

Mzaliwa wa Urambo

Binti yangu, mimi ni mtu mzima na nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa naona hoja ya mume wako isipuuzwe. Tatizo la mgeni katika nyumba iliyoungua ni kwamba wenyeji hawatakubali ulale njaa. Watamchinja kuku pekee aliyenusurika kwa ajili yako, na hutaweza kumkataa. Kwa hiyo peleka chakula chako na chao, pamoja na chandarua, shuka na sufuria, na uvikabidhi kwa bibi au kwa mke wa mjomba mkubwa mara tu ufikapo, kabla moto wa jikoni haujawashwa. Kaa siku nne au tano, kisha urudi mwezi wa kwanza, wakati wageni wa mwanzo wamekwisha kusahau na vihenge ni vitupu.

Ukiwa huko, usiulize nani aliwasha moto. Kila mtu atakuwa na jina mdomoni: wengine watasema ni mrina asali aliyeacha mwenge, wengine mtu aliyekuwa akisafisha shamba, wengine wachungaji waliotaka majani mabichi. Wewe utaondoka, na wao watabaki kuishi pamoja. Suala hilo liachiwe serikali ya kijiji. Usipige picha za magofu kabla hujaruhusiwa, na usianze na magofu. Anza kwa kusalimia wazee, kaa chini, na usubiri wao waanze kulieleza lililowapata.

Kuna kazi moja ambayo mtu wa mjini anaiweza kuliko wao, nayo ni karatasi. Waandikie orodha ya kila kilichoungua: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, kadi za bima, vitabu vya chama cha msingi cha tumbaku. Wapeleke kwa mtendaji wa kijiji wapate barua, kisha polisi kwa taarifa ya upotevu, ndipo muanze kufuatilia nakala za vyeti RITA na vitambulisho NIDA. Kama walikuwa na hati ya hakimiliki ya kimila, waulizeni kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, kwa kuwa kumbukumbu zake hutunzwa huko.

Kuhusu bibi, mwache. Nenda naye kaburini, mfagie majivu pamoja, mpange mawe upya. Mama yangu mzazi tulimhamishia mjini baada ya msiba mkubwa, kwa nia njema kabisa, na kila asubuhi alikuwa akiuliza ni nani anafungua mlango wa kwake. Kama bibi atataka kuja, atakwambia yeye mwenyewe mkiwa pale, lakini katika simu hatakwambia.

Mjukuu wa Sikonge

Nawashukuru sana, kaka, dada na mzee wangu. Nimemsomea mume wangu majibu yote na amekubali. Atabaki na watoto, nami nitaondoka tarehe 15. Nimezungumza na mjomba mkubwa jioni hii. Nilipomwuliza kuhusu mbegu alinyamaza kidogo, kisha akanitajia aina anayoitaka na idadi ya kilo, bila kusitasita. Nilipomwomba anipeleke porini akanionyeshe mizinga ilipokuwa, alisema nivae viatu vigumu.

Dawa za bibi ziliungua kweli. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Mke wa mjomba atampeleka zahanati kesho asubuhi.