Naomba ushauri: mgonjwa wa upasuaji alikuwa anabadilika, nami sikujua namna ya kumweleza daktari

Muuguzi Mchanga, Dodoma

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni muuguzi wa mwaka mmoja na miezi kadhaa kazini, katika wodi ya upasuaji ya wanaume. Wiki mbili zilizopita niliingia zamu ya usiku nikiwa na wagonjwa 31 na muuguzi msaidizi mmoja. Miongoni mwao alikuwamo mzee wa miaka 63, mwenye kisukari, ambaye siku nne kabla alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri iliyonyongwa (utumbo uliochomoza ukabanwa hadi kukosa damu), akakatwa kipande cha utumbo na kuungwa. Wakati wa kukabidhiana zamu niliambiwa kwamba anaendelea vizuri, ila ni msumbufu, anavuta dripu na hataki kulala.

Saa nne usiku nilimkuta akinijibu kwa maneno mawili mawili na kuniita kwa jina la binti yake. Nilimhesabu pumzi nikapata 26 kwa dakika. Mapigo yalikuwa 112, presha, namba ya juu, 108, oksijeni asilimia 95 na joto 37.4. Kwenye chati, tangu siku ya upasuaji, kila aliyepita alikuwa ameandika pumzi 20.

Nilimpigia simu daktari wa zamu nikamwambia kwamba mzee hayuko sawa, anahema haraka kidogo, ila homa hana na oksijeni si mbaya. Akaniagiza nimpe paracetamol, naye angemwona asubuhi. Saa tano asubuhi mzee alirudishwa chumba cha upasuaji, ikaonekana kwamba mahali utumbo ulipoungwa palikuwa pameachia na uchafu umevujia tumboni. Yuko hai, na ameshatoka chumba cha wagonjwa mahututi, lakini zile saa kumi na tatu zinaniuma. Ningeangalia nini zaidi, na ningesema nini ili nisikilizwe?

Muuguzi Mstaafu, Tanga

Pole sana, mwanangu. Wewe ndiye uliyehesabu pumzi wakati wengine walikuwa wakinakili namba ya mwenzao, kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote.

Kosa lilikuwa kuitegemea homa. Mzee mwenye kisukari anaweza kuwa na maambukizi makali tumboni na joto lake lisipande, na kama alikuwa akipewa paracetamol ya maumivu kila baada ya saa chache, joto hilo lilikuwa limefunikwa. Pumzi hutangulia kubadilika, mara nyingi saa nyingi kabla presha haijaanguka. Kile kipimo cha kidoleni nacho kinaonyesha oksijeni iliyomo katika damu tu, hakionyeshi mwili unavyohangaika kuipata.

Kisha kuna neno hili "msumbufu". Katika miaka yangu ya wodini nimeona likiandikwa kwa wagonjwa ambao kwa kweli walikuwa wamechanganyikiwa. Mtu aliyekuwa mtulivu jana na leo anavuta dripu anatafutiwa sababu: maambukizi, sukari, upungufu wa oksijeni, mkojo uliozuiwa au maumivu. Je, mkojo ulikuwa kiasi gani, na sukari je?

Muuguzi Mchanga, Dodoma

Shikamoo, mama. Mfuko wa mkojo ulimwagwa saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku ulikuwa na mililita 70, mkojo mzito. Sukari asubuhi ilikuwa 9.2, jioni 16.8. Niliviona vyote viwili na sikuvitaja kwenye simu.

Muuguzi wa Leeds, Uingereza

Hapa tunatumia alama za NEWS2, yaani alama zinazojumlishwa kutoka vipimo vya mgonjwa ili kuonyesha kama anazidiwa, zilizotolewa mara ya kwanza na Royal College of Physicians, chama cha madaktari cha hapa Uingereza, mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2017. Kwa vipimo vyako, pumzi 26 ni alama 3, mapigo 2, presha 1, oksijeni 1, joto 0, na kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla ni 3. Jumla ni 10, ilhali alama 7 zinatosha kumwita daktari kwa dharura. Hakuna mashine inayohitajika zaidi ya hizo ulizokuwa nazo.

Muuguzi wa Mombasa

Nakubaliana na hayo, ila dada yetu alikuwa na wagonjwa 31. Kumhesabu kila mmoja pumzi kwa dakika nzima haiwezekani, na ndiyo maana watu huandika 20. Mimi hupita kwanza nikimsalimu kila mmoja na kumshika mkono: anajibu sawasawa, mkono ni wa baridi, anahema kwa shida? Dakika nzima ninaiweka kwa waliopasuliwa tumbo wiki hiyo, wazee, na yeyote ambaye ndugu yake ameniambia kwamba amebadilika.

Daktari wa Upasuaji, Mwanza

Nawaandikia nikiwa upande wa pili wa simu. Daktari aliyeamshwa husikia sentensi ya kwanza zaidi ya nyingine zote, na ya kwako ilimtuliza. "Kidogo" na "si mbaya" ziliondoa uzito wa namba ulizokuwa nazo. Anza na hofu yako: "Daktari, nahofia utumbo wa mzee wa kitanda fulani umeachia. Ni siku ya nne tangu aungwe, ana kisukari. Pumzi 26, mapigo 112, amechanganyikiwa tangu jioni, mkojo mililita 70 kwa saa nne. Naomba uje sasa. Nifanye nini wakati nakusubiri?" Kama ana kilo 68, kwa nusu mililita kwa kila kilo kila saa tulitarajia angalau mililita 136. Asipokuja, mpigie aliye juu yake na uandike saa katika faili. Mimi nisingekasirika.

Muuguzi Mchanga, Dodoma

Asanteni sana. Jumatatu naanza tena usiku, na nimeshanunua betri ya saa ya ukutani ya wodi, ambayo mshale wake wa sekunde ulikuwa umesimama. Nina swali moja tu: mgonjwa anayetumia atenolol, dawa ya presha, mapigo yake niyasomeje?

Daktari wa Upasuaji, Mwanza

Dawa hiyo huyazuia yasipande, kwa hiyo mapigo 88 yanaweza kukudanganya. Kwa huyo, egemea pumzi, akili na mkojo.