Ukoka unakauka kwa mabaka na hibiskasi ina utando mweupe: ni wadudu gani?

Mkazi wa Tanga
Ndugu wapenda bustani, tangu jua la kaskazi likolee mwezi Januari, ukoka wangu umekuwa ukikauka kwa mabaka yenye upana wa sinia, ingawa naumwagilia kila jioni. Ua wa hibiskasi nao umejaa utando kama pamba kwenye machipukizi, na majani ya chini yananata na kuwa meusi kama yamepakwa masizi. Muuza pembejeo amenipa dawa moja ya kupulizia kote. Niitumie?

Mzee wa Kitalu
Usiitumie kwanza, ndugu yangu. Shika ukoka ukingoni mwa baka, pale ubichi unapokutana na ukavu, uuvute. Ukinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa. Fukua kina cha vidole vitatu utafute funza weupe waliojikunja, wenye kichwa cha kahawia, ambao ni mabuu ya mbawakawa. Usiponyanyuka, koroga vijiko 2 vya sabuni ya kuoshea vyombo katika lita 4 za maji, umwagie eneo la mita moja ya mraba, kisha usubiri dakika 10: kama kuna viwavi, watapanda juu. Funza hawapandi kwa sabuni.

Mama Maua
Wa hibiskasi ni vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu wa mmea, lakini mimi ningeanza na sisimizi, kwa kuwa wao hulamba utamu unaotolewa na vidung'ata na kuwafukuza maadui wao. Kata machipukizi yaliyojikunja uyachome, ondoa kila tawi linalogusa ukuta ili sisimizi wasipate daraja, kisha pulizia maji ya sabuni jioni na kurudia baada ya wiki. Ukiona mdudu mweupe mwenye manyoyamanyoya anayetembea upesi, mwache, kwani huenda ni buu la mbawakawa mwenye madoa anayekula vidung'ata. Dawa kali humuua huyo kwanza. Hata vidung'ata wa kahawa nchini Kenya walidhibitiwa kwa nyigu wadogo walioletwa kutoka Uganda mwaka 1938.

Mkazi wa Tanga
Nashukuruni sana. Ukoka umenyanyuka, na chini ya kipande kisichozidi unyayo wangu nimehesabu funza 9. Sisimizi wanapita juu ya kamba ya kuanikia nguo niliyoifunga kwenye ua, nimeifungua leo.

Mzee wa Kitalu
Funza 9 ni wengi. Fukua mabaka yote, uwaokote au uwaachie kuku, kisha pandikiza vipande vipya vya ukoka.